Kunasa na Kuhesabu Nondo Usiku wa Vuli

Mvua za vuli zinapoanza, mwezi wa Oktoba au Novemba, jioni huwa na mambo mengi. Kumbikumbi hutoka ardhini, vyura hulia mabondeni, na mara taa inapowashwa wadudu wa kila namna huizunguka. Miongoni mwao wamo wadudu wenye mabawa ya rangi ya vumbi, ambao hujipigapiga kwenye kioo cha taa mpaka wakachoka na kutua ukutani. Hao ni nondo. (Usiwachanganye na nondo za chuma ambazo mafundi hutumia katika ujenzi. Jina ni moja, lakini vitu ni mbalimbali.)

Watu wengi huwafukuza nondo bila kuwatazama. Wengine husema kwamba nondo akiingia nyumbani, mgeni yu njiani. Katika somo hili tutajifunza habari za nondo mmoja ambaye kweli hutangulia mgeni, tena mgeni asiyetakiwa. Nondo huyo ni wa kiwavijeshi. Tutaona jinsi wataalamu wa kilimo na wanakijiji wanavyomnasa usiku, jinsi wanavyomhesabu, na kwa nini hesabu iliyoandikwa katika daftari yaweza kuokoa shamba la mahindi.

Nondo na kipepeo

Nondo ni ndugu wa kipepeo. Wote wawili wana mabawa manne yaliyofunikwa kwa magamba madogo sana. Ukimshika nondo kwa vidole, magamba hayo hubaki vidoleni kama unga. Kwa hiyo mtu anayechunguza nondo hamshiki mabawa. Bawa lililopoteza magamba limepoteza alama zake pia, na nondo asiye na alama ni vigumu kumtambua.

Kipepeo huruka mchana, na nondo walio wengi huruka usiku. Kipepeo akitua, aghalabu huinua mabawa yake na kuyakutanisha juu ya mgongo. Nondo huyalaza yake kama paa la nyumba, au huyatandaza. Tazama pia vipapasio. Vipapasio vya kipepeo vina kirungu kidogo kwenye ncha. Vya nondo havina kirungu. Vingine ni vyembamba kama uzi, na vingine vimechanuka kama unyoya wa kuku.

Wote wawili hupitia hatua nne za maisha, nazo ni yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili. Nondo wa kiwavijeshi mwenyewe hali majani. Kinywa chake ni mrija, naye hufyonza maji matamu ya maua. Mwenye taya za kutafuna majani ni kiwavi.

Wametoka wapi?

Hebu tumfikirie mkulima mmoja. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yake yamefika magotini, na palizi ya kwanza imekwisha. Jumamosi anazunguka shamba lake lote, haoni lolote baya. Jumatano inayofuata anakuta viwavi weusi wamejaa kwenye majani, kwenye mashina na chini kwenye udongo. Anapokaa kimya anausikia mlio wa kutafuna. Katika kila hatua anakanyaga kadhaa. Ijumaa shamba halina tena majani. Umebaki uti wa katikati wa kila jani, umesimama kama ufito. Viwavi wote wanatambaa pamoja, wakielekea upande mmoja, kwenda shamba la jirani. Ndiyo maana wakaitwa viwavijeshi.

Majirani wanakusanyika na kuulizana, "Wametoka wapi?" Mzee mmoja anajibu kwamba wameanguka pamoja na mvua.

Jibu la mzee si la kudharauliwa. Viwavi hawakuanguka kutoka mawinguni, lakini mama zao waliletwa na upepo wa mvua, usiku, zaidi ya wiki mbili kabla ya siku ile. Mkulima alikuwa amelala. Pengine wachache waliingia hata nyumbani kwake, wakaizunguka taa, naye akawafagia asubuhi bila kujua alichofagia.

Sasa tuyafuate maisha ya mdudu huyu tangu usiku ule. Nondo jike hutaga mayai yake kwa mafungu juu ya majani, naye huyafunika kwa manyoya ya mwili wake mwenyewe. Katika maisha yake mafupi aweza kutaga mayai mamia kadhaa, hata kufikia 1,000. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5. Kiwavi anayetoka hazidi milimeta 2 kwa urefu, ana rangi ya kijani, naye hula kidogo sana, kwa hiyo si rahisi kumwona. Hujivua ngozi mara kadhaa kadiri anavyokua, na baada ya wiki mbili hadi tatu hufikia urefu wa sentimeta 3 hivi. Sehemu kubwa sana ya chakula chake chote hukila katika siku chache za mwisho. Yule mkulima hakuwa mvivu wa kutazama. Jumamosi viwavi walikuwamo shambani, lakini walikuwa bado wadogo.

Kuna jambo jingine la ajabu. Viwavi hawa wakiwa wachache huwa na rangi ya kijani au ya udongo, hujificha chini ya majani, na hakuna anayewajali. Wakiwa wengi mahali pamoja, wakigusana mara kwa mara, hugeuka kuwa weusi wenye mistari myembamba ya manjano ubavuni, na tabia zao hubadilika pia. Hawajifichi tena, hula mchana kweupe, na husafiri kwa makundi. Mdudu ni yule yule. Msongamano ndio uliombadilisha. Katika mita moja ya mraba wanaweza kupatikana mamia ya viwavi.

Wakishashiba huingia ardhini, sentimeta 2 au 3 tu kutoka juu, na kugeuka pupa. Watu husema, "Wamepotea kama walivyokuja." Kumbe hawakupotea. Baada ya siku 7 hadi 12 nondo wapya hutoka udongoni jioni, hukausha mabawa yao, na usiku huo huo au unaofuata wengi wao hupaa juu na kuchukuliwa na upepo kwenda kuanza upya mahali pengine.

Kiwavijeshi hula mimea ya jamii ya nyasi tu. Hula mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, miwa, na majani ya malisho ya ng'ombe. Maharage, muhogo na pamba havili. Ukipanda mahindi na maharage katika shamba moja, waweza kukuta mahindi yameliwa yote na maharage yamesimama salama katikati yake.

Siku hizi tunaye kiwavi mwingine mwenye jina linalofanana, kiwavijeshi vamizi. Huyu ni mgeni kutoka bara la Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa amekwisha fika Tanzania na Kenya. Yeye hatembei kwa majeshi. Hujificha ndani ya kikonyo cha mhindi na kutafuna huko huko, msimu hadi msimu. Utamtambua kwa alama ya mistari kichwani kama herufi Y iliyopinduliwa, na kwa vidoto vinne vyeusi vilivyopangwa kama pembe za mraba karibu na mkia. Somo letu la leo linahusu yule wa kwanza, mwenyeji wa Afrika, ambaye huja ghafla na kuondoka ghafla.

Upepo unavyowakusanya

Wakati wa kiangazi nondo wa kiwavijeshi huwa wachache, wametawanyika sehemu za pwani na za milimani ambako manyunyu hayakatiki kabisa. Mvua za vuli zikianza, nondo hao hupaa usiku na kuchukuliwa na upepo utokao baharini kwenda bara. Nondo mmoja aweza kusafiri mbali sana. Katika miaka ya 1980 watafiti nchini Kenya waliwanasa nondo waliotiwa rangi zaidi ya kilometa 100 kutoka mahali walipoanzia.

Nondo waliotawanyika hawana madhara makubwa. Hatari huanza wanapokusanywa, na anayewakusanya ni dhoruba ya mvua. Bila shaka umewahi kusikia ule upepo wa baridi unaovuma ghafla kabla ya mvua kubwa. Upepo huo hutoka chini ya wingu la mvua na kusambaa juu ya nchi, kisha hukutana na upepo mwingine unaokuja kutoka mbele yake. Pale pepo mbili zinapokutana, wadudu waliomo hewani hurundikana, kama takataka zinavyorundikana mbele ya mifagio miwili inayoelekeana. Mvua inapowanyeshea hutua pale pale, maelfu kwa maelfu, nao hutaga mayai yao katika eneo moja. Hii ndiyo sababu kijiji kimoja huvamiwa na kijiji jirani kikasalimika.

Kwa kawaida viwavijeshi wa kwanza wa msimu huonekana Tanzania, katika sehemu za mashariki na kati, kuanzia Novemba au Desemba. Kizazi chao huchukuliwa na upepo kwenda kaskazini, huingia Kenya, na baadaye, kati ya Aprili na Juni, huweza kufika Ethiopia. Wengine huelekea kusini, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Mara nyingi mwaka mbaya ni ule ambao mvua zake zimefuata ukame mrefu. Mkulima aliyengojea mvua kwa hamu anapatwa na msiba wa pili pale pale anapoanza kushukuru.

Adui wa viwavijeshi wapo. Korongo weupe, ambao huja kwetu kutoka Ulaya kukimbia majira ya baridi, hutembea mashambani wakiwala kwa mamia. Upo pia ugonjwa wa virusi unaowaua, na kiwavi aliyekufa kwa ugonjwa huo utamkuta akining'inia kwenye ncha ya jani. Lakini ndege na ugonjwa aghalabu hufika mahindi yakiwa yamekwisha liwa. Mkulima anahitaji kujua mapema.

Mtego wa taa

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Afrika Mashariki walianza kujiuliza hivi: Ikiwa viwavi hutoka kwa nondo, na nondo hufika siku nyingi kabla ya madhara kuonekana, kwa nini tusiwahesabu nondo? Waliweka mitego ya taa katika sehemu mbalimbali za Kenya, Tanzania na Uganda. Mtego wa namna hiyo una taa kali juu ya faneli kubwa ya bati, na chini ya faneli kuna pipa. Nondo huivamia taa, hujigonga, huteleza katika faneli na kuangukia pipani. Humo huwekwa mara nyingine trei tupu za mayai ya kuku, ili nondo wapate mahali pa kujibanza wasipigane na kuharibu mabawa. Asubuhi mwangalizi hufungua pipa, huwachambua wadudu, na kuandika idadi ya kila aina.

Kwa nini nondo huifuata taa? Kwa muda mrefu watu walitoa majibu mengi. Mwaka 2024 watafiti waliopiga picha za wadudu kwa kamera za kasi sana walieleza jambo ambalo huenda likakushangaza. Usiku mbingu huwa na mwanga zaidi kuliko ardhi yenye giza, na mdudu arukaye hujua upande wa juu kwa kuuelekeza mgongo wake kwenye mwanga. Taa humdanganya. Anapopita karibu nayo huigeuzia mgongo, na kwa kuwa taa haipo juu yake bali kando, hujikuta akizunguka na kuzunguka, asiweze kuondoka. Kwa hiyo nondo hakuipenda taa. Amenaswa nayo.

Kuanzia mwaka 1969, hesabu za mitego zilikusanywa Muguga, karibu na Nairobi, katika shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kila wiki wataalamu walilinganisha idadi ya nondo na habari za mvua na upepo, kisha walituma tahadhari kwa wilaya zilizo hatarini. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibidi ijipangie kazi hiyo. Tanzania iliiweka yake Tengeru, karibu na Arusha.

Mtego wa taa una kasoro zake. Unahitaji umeme. Hukusanya kila mdudu apitaye, hata mwangalizi akakuta pipa limejaa mbawakawa na kumbikumbi, na kuwachambua kukamchukua asubuhi nzima. Tena mwezi mpevu ukiwaka, taa hupoteza nguvu yake, na idadi ya nondo mtegoni hupungua hata kama huko nje ni wengi.

Mtego wa harufu

Nondo jike akitaka kupandwa hapigi kelele. Hutulia kwenye jani na kutoa harufu hafifu kutoka ncha ya tumbo lake. Wewe na mimi hatuwezi kuinusa, lakini dume wa aina yake huinusa kwa vipapasio na kuifuata gizani dhidi ya upepo mpaka amfikie. Kila aina ya nondo ina harufu yake, kama kila nyumba ilivyo na ufunguo wake.

Wanakemia waliichunguza harufu ya kiwavijeshi jike, wakaweza kuitengeneza katika maabara. Harufu hiyo hutiwa katika kipande kidogo cha mpira au plastiki, na kipande hicho huning'inizwa chini ya kifuniko cha mtego ulio kama ndoo yenye faneli. Dume hufuata harufu akidhani kuna jike, huingia katika faneli, na hatoki tena. Mtego huu hauhitaji umeme wala mafuta. Zaidi ya hayo, karibu wote wanaoingia ni wa aina moja, basi kuhesabu ni kazi ya dakika chache. Mwanga wa mwezi hauuzuii kufanya kazi.

Kwa sababu ya wepesi huo, kazi ya kutabiri iliweza kuingia vijijini. Mwaka 2001, katika wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, vijiji vichache vilianza kujitabiria vyenyewe. Kila kijiji kilichagua mtu wake, akafundishwa, akapewa mtego mmoja na kipimamvua kimoja. Kazi yake ilikuwa kuhesabu nondo, kupima mvua, kuandika, na mwisho wa wiki kuwatangazia wenzake kama hatari ipo au haipo. Tahadhari iliyotolewa kijijini haikuhitaji kungoja barua wala simu kutoka mbali. Mtabiri alikuwa jirani, na shamba lililokuwa hatarini lilikuwa lake pia.

Kazi ya darasa: usiku mmoja wa kunasa nondo

Kazi hii ifanywe pamoja na mwalimu au mzazi, karibu na nyumba, si porini. Vaeni nguo za mikono mirefu kwa ajili ya mbu, na viatu kwa ajili ya nyoka na nge.

Chagueni usiku usio na mbalamwezi, wenye joto na mawingu, kama inawezekana siku moja au mbili baada ya mvua. Tundikeni shuka nyeupe kwenye kamba au ukutani. Mbele yake wekeni karabai au taa ya umeme. Taa ya chemli pia yafaa, ingawa itavuta wachache. Nyingine katika taa ndogo za siku hizi huwaka sana machoni petu lakini huvuta nondo wachache, kwa sababu nondo huvutwa hasa na nuru ya aina fulani ambayo jicho la mtu haliioni, nazo hazina nuru hiyo. Moto wa karabai ushughulikiwe na mtu mzima, na shuka iwe mbali na taa hatua moja au zaidi.

Kaeni kimya na mngoje. Wa kwanza kufika mara nyingi si nondo bali kumbikumbi na mbawakawa. Nondo hufika polepole, mmoja mmoja. Mfunikeni kila nondo mnayetaka kumchunguza kwa glasi, kisha pitisheni karatasi ngumu kati ya shuka na glasi. Mpimeni kwa rula huku akiwa ndani ya glasi. Chunguzeni vipapasio na mabawa, kisha mwachilieni upande wenye giza. Angalieni pia mjusi kafiri asijibanze nyuma ya shuka. Mjusi mmoja mwenye njaa aweza kuiharibu hesabu yenu yote, naye hatasema amekula wangapi.

Nondo wa kiwavijeshi ana mwili wa kahawia iliyochanganyika na kijivu. Akitandaza mabawa, upana wake ni sentimeta 3 hivi. Mabawa ya mbele ni ya kijivu na kahawia yenye alama hafifu, na ya nyuma ni meupe, yenye mishipa ya rangi nyeusi nyeusi. Wapo nondo wengine wanaofanana naye sana. Msipokuwa na hakika, andikeni "wanaofanana na wa kiwavijeshi," na mmoja aliyekufa mpelekeeni bwana shamba ndani ya kibiriti kitupu.

Kuandika

Mtego bila daftari ni mchezo tu. Kila usiku andikeni tarehe, saa ya kuwasha taa na ya kuizima, hali ya mwezi, upepo, mvua kwa milimeta, na idadi ya nondo. Hebu tuseme daftari la darasa moja, lililotumia taa ile ile mahali pale pale kwa saa mbili kila usiku, lina maneno haya ya juma moja lisilo na mbalamwezi:

Jumatatu. Mvua 0. Nondo wa kiwavijeshi 0. Nondo wengine 14.
Jumanne. Mvua 0. Nondo wa kiwavijeshi 1. Nondo wengine 11.
Jumatano. Upepo wa baridi saa 1 jioni, radi upande wa mashariki. Mvua milimeta 18. Nondo wa kiwavijeshi 37. Nondo wengine 16.
Alhamisi. Mvua milimeta 6. Nondo wa kiwavijeshi 52. Nondo wengine 13.
Ijumaa. Hatukuwasha taa, mafuta yamekwisha.
Jumamosi. Mvua 0. Nondo wa kiwavijeshi 9. Nondo wengine 15.
Jumapili. Mvua 0. Nondo wa kiwavijeshi 3. Nondo wengine 12.

Tazama kwanza Jumatatu. Mwanafunzi mvivu angeacha nafasi ile wazi, akisema hapakuwa na kitu cha kuandika. Lakini 0 ni habari. Inatuambia kwamba taa iliwaka, macho yalitazama, na nondo wa kiwavijeshi hakuwapo. Bila 0 ya Jumatatu tusingejua kwamba 37 ya Jumatano ni jambo jipya. Linganisha na Ijumaa. Siku hiyo hatuwezi kuandika 0, kwa maana hakuna aliyetazama. Nondo wangeweza kuwa 100. Aliyeandika kwamba mafuta yamekwisha ameandika vema kuliko ambaye angebuni tarakimu ili ukurasa upendeze. Anayebuni tarakimu moja ameuharibu ukurasa mzima, kwani msomaji hawezi kujua ni ipi ya kweli.

Tazama tena nondo wengine. Idadi yao haikubadilika sana juma zima. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba Jumatano taa ilikuwa kali zaidi au macho yalikuwa mengi zaidi. Walioongezeka ni wa aina moja, nao waliongezeka usiku ule ule wa upepo na mvua.

Sasa tufanye hesabu. Ikiwa nondo walitaga usiku wa Alhamisi, na mayai huanguliwa kwa siku 2 hadi 5, viwavi wachanga watatoka kati ya Jumamosi na Jumanne. Watakuwa wadogo, wa kijani, na kwa siku kadhaa hawataonekana ila kwa mtu anayewatafuta. Viwavi wakubwa wenye kumaliza shamba watakuja wiki ya pili. Basi daftari hili limekipa kijiji muda wa wiki moja na zaidi. Huo ndio muda wa kumwarifu bwana shamba, ambaye siku hizi huitwa pia afisa ugani, na wa kupita kila siku katika mahindi na malisho kutafuta majani yaliyokwanguliwa kama yamepitishiwa wembe. Ndio muda pia wa kuweka dawa tayari. Kiwavi mdogo hufa kwa dawa kidogo. Yule mkubwa mweusi amekwisha kula, na dawa inayomwua haimrudishii mkulima kitu. Kunyunyiza dawa ni kazi ya watu wazima waliofundishwa. Wewe usiishike, wala usicheze katika shamba lililonyunyizwa.

Huenda pia viwavi wasitokee. Pengine nondo walipita tu, wakaendelea na safari yao usiku uliofuata. Utabiri hauwezi kuwa na hakika ya asilimia 100, na mtabiri hodari husema wazi kwamba hatari ni kubwa au ni ndogo.

Daftari la nondo lina faida nyingine ambayo huonekana baada ya miaka mingi. Huko Uingereza, katika kituo cha utafiti cha Rothamsted, mtego wa taa uliwekwa mwaka 1933, na tangu miaka ya 1960 mitego kama huo imeenezwa sehemu nyingi za nchi. Wengi wa wanaoihudumia ni watu wa kujitolea, ambao kila asubuhi huifungua na kuandika, wakati wa joto na katika majira ya vuli ya kwao, ambayo si ya mvua kama yetu bali ni ya majani kupukutika. Madaftari yao yamewaonyesha wazi kwamba nondo wakubwa wa nchi hiyo wamepungua. Hakuna mtu aliyeliona jambo hilo kwa macho usiku mmoja. Lilionekana katika tarakimu.

Maswali na mazoezi

1. Kwa nini mkulima hawaoni viwavijeshi katika siku zao za kwanza?

2. Nondo wa kiwavijeshi 4 walinaswa kwa taa usiku wa mwezi mpevu. Je, tunaweza kusema kwamba nondo ni wachache? Eleza.

3. Mtego wa harufu huwanasa madume peke yao. Ikiwa ni majike ndio watagao mayai, kwa nini mtego huo bado unafaa?

4. Katika daftari tulilolisoma, kuna tofauti gani kati ya Jumatatu na Ijumaa?

5. Waulize wazee watatu wa kijijini kwenu mwaka ambao viwavijeshi waliwavamia vibaya. Andika mvua za mwaka huo zilikuwaje, na kama zilitanguliwa na ukame. Linganisha majibu yao.

6. Tengenezeni kipimamvua kwa kopo lenye kuta zilizonyooka na rula, mkiweke mahali pasipo na mti wala paa, na mkisome kila asubuhi saa 3. Anzeni leo, hata kama hakuna dalili ya mvua.